Aliyeanguka Mjengoni: Kadari, Dhamana na Haki ya Familia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba wake.



Juma hili tulikuwa tuendelee na mazungumzo yetu juu ya mirathi ya watoto wa kike. Mada hiyo itangoje. Imenifikia barua ya dada yetu mmoja anayeishi Majengo, mjini Nyeri, nami nimeona si haki kuiweka kando, kwa kuwa anayezungumzwa ndani yake yu kitandani hospitali hivi sasa, na kila siku ipitayo inampunguzia nafasi ya kuipata haki yake.

Dada huyu asimulia kuwa mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa kibarua katika nyumba ya ghorofa inayojengwa. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, jukwaa la miti alilosimama pamoja na mwashi liliinama upande mmoja, kisha likaporomoka. Mwashi alishika nondo zilizochomoza ukutani akasalimika. Kijana alianguka kutoka kimo cha ghorofa ya pili, akavunjika nyonga na kuumia uti wa mgongo. Siku ya tatu mkandarasi alibisha hodi nyumbani, mkononi ana bahasha na karatasi ya kutiwa sahihi, nyuma yake wazee wawili wa mtaa. Wazee wakamwambia mama: hii ni kadari ya Mungu, pokea ulichopewa, samehe, wala usiende mbele. Dada yetu hakutia sahihi. Aliomba muda wa kufikiri.

Sasa ananiuliza mambo matatu. Je, kudai fidia ni upungufu wa imani? Je, yeye kama mama aweza kutia sahihi kwa niaba ya mwanawe? Na mwanawe wa pili, ambaye naye hufanya kibarua katika mjengo ule ule, amzuie au amwachie Mungu?

Jina lake, la mwanawe na la mjengo wenyewe nimeyasitiri. Maswali nayajibu hadharani, kwa kuwa najua wako akina mama wengi wenye maswali hayo hayo na hawajapata wa kumuuliza.

MIJI INAYOPANDA JUU

Wengi wetu huku pwani tuna jamaa katika miji ya Mlima Kenya. Majengo ya Nyeri, Majengo ya Nanyuki na Mjini ya Murang'a ni mitaa ya Waislamu ya tangu enzi ya ukoloni, na hadi leo wako ndugu zetu wanaosali, wanaosomesha na wanaozika huko. Aliyeijua Nyeri zamani, ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, akienda leo atapotea njia. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilipata hati yake mwaka 2012. Vya Karatina, Chuka na Meru vikafuata mwaka 2013. Wanafunzi wanataka vyumba, na wenye viwanja wamevunja vijumba vya mabati wakapandisha ghorofa. Barabara ya Thika iliyopanuliwa ilikamilika mwaka 2012, na upanuzi wa njia kutoka Kenol hadi Marua umezidi kuisogeza Nyeri karibu na Nairobi. Kila penye barabara nzuri, bei ya kiwanja hupanda, na bei ya kiwanja ikipanda, nyumba nayo hupanda.

Hizo ni neema, nasi hatuzikatai. Lakini kila jiwe lililoko ghorofa ya nne lilipandishwa na mkono wa mtu aliyesimama juu ya kitu. Kitu hicho, katika mijengo mingi midogo, ni miti ya mikaratusi iliyopigwa misumari, na mbao mbili tatu zilizolazwa juu yake. Kibarua hulipwa kwa siku. Asipofika leo, jioni hana unga wa kupeleka nyumbani. Akilalamika kuwa jukwaa linatikisika, kesho pahala pake pamechukuliwa na mwingine. Ndipo vijana wetu hupanda huku wakijua kwamba chini si salama.

Misiba ya majengo si migeni kwetu. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Nairobi liliporomoka juu ya mafundi na vibarua. Oktoba 2009 likaanguka jingine mjini Kiambu, nalo lilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Katika kila msiba wa hiyo miwili walikufa zaidi ya watu kumi. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita ya Huruma iliwafunika wapangaji waliolala, wakafa takriban watu hamsini. Huko Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilibomoka likiwa katika ukarabati, na mafundi wakapoteza maisha. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, Dar es Salaam, na waliokufa walizidi ishirini. Hiyo ni ile iliyoandikwa magazetini. Kijana mmoja anayeanguka peke yake Karatina, Kerugoya au Nanyuki haandikwi popote. Huandikwa katika daftari la hospitali na katika moyo wa mamake.

KADARI HAIFUTI DHAMANA

Swali la kwanza ndilo mzizi wa yote. Sisi Waislamu twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Hakuna jani lianguka ila Mwenyezi Mungu analijua. Imani hiyo ni nguzo, na ndiyo inayomtuliza mama akalala usiku baada ya msiba. Lakini imani ya kadari imewekwa kwa ajili ya kumliwaza aliyefikwa, wala haikuwekwa kwa ajili ya kumficha aliyesababisha.

Ushahidi uko katika Kitabu chenyewe. Katika Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu ameeleza hukumu ya Muumini aliyemuua mwenziwe kwa makosa, pasi na kukusudia. Ajali ya huyo aliyekufa ilikuwa imekwisha andikwa. Hakuna aliyekufa kabla ya siku yake. Pamoja na hayo, Mola aliyeiandika siku hiyo ndiye aliyeamuru diya itolewe kwa jamaa wa marehemu, na kafara juu ya aliyesababisha. Iwapo kadari ingekuwa inafuta dhamana, diya ya makosa isingekuwa na maana. Basi anayesema "ni kadari, usidai" ameshika nusu ya dini akaiacha nusu.

Tena, Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha tahadhari katika jambo hili hili la kuanguka. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, amekemea mtu kulala juu ya paa lisilokuwa na kizuizi pembeni, na akaeleza kwamba mwenye kufanya hivyo ameondokewa na dhima ya kulindwa. Zingatieni, wasomaji wangu. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita, katika nyumba za udongo za Madina ambazo kimo chake hakifiki nusu ya ghorofa zetu, Mtume alitaka pawe na ukingo wa kumzuia mtu asianguke. Leo twamsimamisha kijana juu ya ubao usio na ukingo, mita kumi juu ya ardhi, mabegani ana ndoo ya zege, kisha akianguka twasema alikuwa hana bahati.

Mafakihi wakaijenga juu ya msingi huo milango mirefu ya dhamana. Walizungumza juu ya aliyechimba kisima njiani pasi na haki, mpita njia akatumbukia. Walizungumza juu ya ukuta ulioinama. Wanazuoni wa Kihanafi walisema mwenye ukuta akionywa, akapata muda wa kuubomoa na asiubomoe, kisha ukamwangukia mtu, atadhamini. Wanazuoni wetu wa Kishafi wakapambanua baina ya ukuta uliojengwa hali umeinama tangu mwanzo na ule ulioinama baadaye. Walitofautiana katika mipaka. Hakuna kati yao aliyelifunga suala kwa neno moja la kadari.

Kuna jambo jingine husemwa misibani, nalo ni kwamba aliyekufa chini ya kifusi ni miongoni mwa mashahidi. Hilo ni kweli, limepokewa kwa njia sahihi, na ni bishara kubwa kwa wafiwa. Lakini daraja ya shahidi ni ya marehemu mbele ya Mola wake. Mkandarasi aliyepunguza misumari hana fungu katika daraja hiyo.

Kwa hiyo, dada yangu, kudai haki ya mwanao hakupunguzi imani yako hata chembe.

JUKWAA HUANGUKA VIPI

Mtu aweza kuuliza, basi mkandarasi amekosa nini? Mvua imenyesha, mti umeteleza. Hapa yafaa tuijue kazi yenyewe, maana asiyejua sababu hawezi kutofautisha ajali na uzembe.

Udongo mwekundu wa Nyeri na pembezoni mwa mlima ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukinywa maji hulainika. Mguu wa jukwaa uliosimamishwa juu ya udongo mtupu husimama vizuri mchana wa jua, na baada ya mvua ya usiku mguu mmoja huzama. Mguu mmoja ukizama, uzito wote huhamia kwa iliyobaki. Fundi mwenye elimu huweka kipande cha ubao mpana au bamba chini ya kila mguu ili uzito utawanyike, na kila baada ya mvua hukagua kabla mtu hajapanda. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Kwa maelezo ya barua, haikufanywa asubuhi ile.

Sababu ya pili ni kukosa miti ya kukingama. Nguzo za wima na za kulala zikipigwa misumari bila mti wa mshazari, umbo lote huweza kulala upande kama kitanda cha kamba kilicholegea. Ya tatu ni kutofungwa ukutani: jukwaa refu lisiloshikizwa na jengo husukumwa na upepo na mtikisiko wa watu. Ya nne ni miti iliyochoka. Mkaratusi uliotumika mijengo mitatu, ukapigwa na kung'olewa misumari mara kumi, ndani umekwisha kupasuka, ingawa nje waonekana mzima. Ya tano ni uzito. Ubao uliowekwa kwa ajili ya watu wawili hurundikwa mawe ya kuchonga ishirini, ili kibarua asipande na kushuka mara nyingi. Ya sita ni ubao unaochomoza kupita mhimili wake bila kufungwa: anayekanyaga ncha yake huenda chini nao.

Kuna na maporomoko ya sakafu za zege. Zege halipati nguvu siku moja. Desturi ya wahandisi ni kuipima nguvu yake kamili baada ya siku 28. Na katika baridi, kama ile ya Nyeri ya mwezi wa Julai, hukomaa polepole zaidi kuliko huku kwetu Mombasa kwenye joto. Mwenye haraka huzing'oa nguzo mapema ili azitumie ghorofa ya juu. Sakafu changa ikibebeshwa mawe na watu, yaliyobaki mnayajua.

Angalieni basi orodha hiyo. Hakuna hata moja iliyo nje ya uwezo wa mwanadamu. Ubao chini ya mguu, mti wa mshazari, kamba au waya wa kufungia ukutani, ukingo wa kufika kiunoni, ngazi iliyofungwa juu na chini: vyote hivyo vyapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi la Karatina au Embu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kulifunga jukwaa ni katika tawakali.

SHERIA YA NCHI

Muislamu hutekeleza ahadi na masharti aliyoyakubali, na anayefungua kazi Kenya amekubali sheria zake. Sheria hizi hazipingani na dini yetu katika suala hili, zinaihudumia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama wa wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Sheria hiyo yasema pia kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hana ruhusa ya kumtaka arudi pale mpaka hatari iondolewe. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo inayosajili wakandarasi na miradi.

Sasa sikilizeni tarehe, akina mama, maana hapa ndipo familia nyingi hupoteza haki zao. Mwajiri anapopata habari ya ajali, ana siku saba za kuiripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Kuna fomu maalumu, sehemu moja hujazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Familia ina miezi 12 tangu siku ya ajali au kifo kuwasilisha madai. Aliyelemazwa kabisa, au warithi wa aliyekufa, hukadiriwa fidia kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Aliyeumia na kutoweza kufanya kazi kwa muda ana haki ya malipo ya vipindi, mpaka miezi 12. Gharama za matibabu zinazostahiki nazo ni juu ya mwajiri. Mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha sheria hii baada ya kesi ndefu, hivyo asikudanganyeni mtu kwamba imefutwa.

Wengi husema: mwanangu hakuwa na barua ya kazi. Sheria ya ajira inautambua mkataba wa mdomo. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba alifanya kazi pale. Kusanyeni basi: majina na simu za waliokuwa naye siku ile, ujumbe wa malipo ya simu ikiwa alilipwa kwa njia hiyo, picha ya jukwaa lililoanguka kabla halijaondolewa, picha ya bango la mradi lenye jina la mkandarasi, na karatasi zote za hospitali tangu siku ya kwanza. Jambo hili si la mwanasheria peke yake. Dada wa nyumbani mwenye simu aweza kulifanya alasiri moja.

Na mjane aliye katika eda asidhani kwamba miezi minne na siku kumi zamfungia mlango wa haki. Wanazuoni wamemruhusu kutoka mchana kwa haja yake, na kufuatilia riziki ya mayatima ni haja iliyo wazi. Atoke kwa sitara, arudi kwake kabla ya usiku.

KARATASI NA MSAMAHA

Hapa nalijibu swali la pili. Mwanao, dada yangu, ni baleghe na akili zake timamu. Haki ya mwili wake ni yake. Mama ana heshima kubwa juu ya mwana, lakini hana mamlaka ya kuusamehe mguu wake. Wazee wa mtaa, kwa heshima zao zote, hawana vile vile. Usitie sahihi karatasi yoyote kwa niaba yake, wala yeye asitie hali yu katika maumivu na dawa za usingizi. Karatasi isomwe na mtu mwenye elimu ya sheria, na ofisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini aulizwe. Idara hiyo ina maofisa katika kaunti, Nyeri ikiwemo.

Msamaha ni jambo tukufu, na Qur'ani imeusifu. Lakini una sharti zake. Husamehe mwenye haki, akiwa huru, anajua anachokisamehe ni kiasi gani. Anayesamehe shilingi elfu kumi bila kujua kwamba haki yake ni mapato ya miaka minane, huyo hakusamehe, amefichwa. Na iwapo aliyeanguka amekufa akaacha watoto wadogo, mlango wa kusamehe fungu lao umefungwa kabisa. Hakuna mjomba, ami wala imamu awezaye kuitoa mali ya yatima kwa ajili ya kupata sifa ya upole. Onyo la Suratun Nisaa kwa wanaokula mali za mayatima latosha kumtetemesha mwenye moyo.

Nawaambia na wazee wetu kwa adabu. Mnapoitwa kupatanisha, ulizeni kwanza haki ni ipi, ndipo mzungumze suluhu. Sulhu inayomnyamazisha aliyeonewa ni dhulma iliyovaa kanzu.

Ama mkandarasi, huenda naye ni mtu wa dini, na huenda bahasha aliileta kwa huruma. Aitoe kama sadaka au kama matibabu ya haraka, kwa maandishi yanayosema hivyo, na aripoti ajali kama sheria itakavyo. Kufanya hivyo kwamvua mzigo hapa duniani na mbele ya Mwenyezi Mungu.

MWANA WA PILI

Swali la tatu lina uzito, kwa kuwa nyumba ile yakula kwa kibarua cha kijana huyo sasa. Simwambii mama amfungie ndani. Namwambia ampe kijana maneno ya kumuuliza msimamizi: miguu ya jukwaa imesimama juu ya nini? Limefungwa ukutani? Lina ukingo? Limekaguliwa baada ya mvua? Helmeti na mkanda wa kujifungia vipo? Asiende peke yake. Vibarua sita wakiuliza swali moja kwa pamoja, ni vigumu kufukuzwa wote. Majibu yakiwa ni matusi, basi aitafute riziki mjengo mwingine. Qur'ani imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, na Mwenye kuruzuku hana mlango mmoja.

SISI TUNAOJENGA

Nisiwalaumu wakandarasi peke yao. Dada zangu wengi mnajenga siku hizi, kwa pesa za chama, za biashara, za mume aliyeko Ghuba. Mnampa fundi kazi na swali la kwanza ni: waweza kupunguza? Fundi akipunguza, hapunguzi chakula chake. Hupunguza mbao za jukwaa, kwa kuwa jukwaa halibaki katika nyumba na mwenye nyumba halioni. Basi litieni katika hesabu tangu mwanzo, liandikeni mstari wake kama saruji na nondo, na siku ya kwenda kuangalia kazi msitazame ukuta tu. Tazameni na alipokanyaga anayeujenga.

Kamati za misikiti nazo zinisikilize. Katika miji ya mlima tumechangia misikiti mingi kutoka huku pwani, Mungu azikubali. Mara nyingine mnara hupandishwa kwa kujitolea: vijana wa madrasa, miti ya kuazima, kamba ya katani, na takbiri. Nia ni njema. Nia njema haimshiki mtu anayeanguka. Nyumba ya Mwenyezi Mungu ina haki zaidi ya kuliko nyumba zote isijengwe kwa damu ya mja Wake. Mnara ungoje miezi sita zipatikane pesa za jukwaa la mabomba ya chuma na fundi aliyesajiliwa.

AKIANGUKA MTU

La mwisho ni la wauguzi wa nyumbani, nao karibu wote ni wanawake. Mtu akianguka kutoka juu, msimwinue kwa makwapa wala kumpakia juu ya pikipiki. Mwacheni alivyo ikiwa mahali pana usalama, mmoja amshike kichwa kisigeuke, mwingine apige 999 au 112. Ikilazimu kumhamisha, ahamishwe juu ya ubao mpana, mwili wote kwa pamoja kama gogo. Uti uliopasuka hukatika kwa pupa ya wasaidizi.

Akirudi nyumbani hali hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ngozi ikaguliwe mgongoni, nyongani na visiginoni. Vidonda vya kulala huua watu waliokwisha kuponea kwenye anguko. Wagawaneni zamu, msimwachie mke au mama peke yake mpaka naye augue. Sala haimwondokei mgonjwa maadamu akili ipo: Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza kwa ubavu. Mkumbusheni kwa upole, mumsaidie kutia udhu au kutayamamu. Kijana aliyelemaa akiendelea kusali, huendelea kujiona ni mtu.

Dada yetu wa Majengo, umefanya vyema kuomba muda. Muda huo usiuache ukapita. Jumatatu peleka habari idarani.

Ewe Mola wetu, waponye walioanguka, warehemu waliokufa chini ya mawe, walinde vijana wetu walioko juu ya majukwaa, na utie katika nyoyo za wenye mali khofu ya kuulizwa juu ya kila nafsi iliyowajengea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.